Kidonge Kimoja, Vifua Viwili

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni dukani kabla hujalisoma, usijali. Yaliyopita ni machache, na yote ni mabaya.

Mimi na pacha wangu ni waoka mikate. Tulikohoa miaka miwili tukiulaumu unga. Kumbe mimi nilikuwa na saratani ya mapafu. Miezi minne baadaye na yeye akakutwa nayo.

Kila mmoja wetu alikatwa kipande kidogo cha nyama kifuani kikapelekwa maabara. Changu kilirudi na alama fulani ambayo ina dawa yake maalumu, vidonge vya kumeza nyumbani, kimoja kila siku. Chake kilirudi hakina alama hiyo. Yeye akaandikiwa dripu, dawa kali ya saratani ya kutundikiwa mshipani.

Wiki iliyopita niliishia kwenye meza ya kukandia. Kidonge kiko mbele yangu, kisu mkononi, na Pacha amesimama upande wa pili wa meza ananitazama.

Leo nakiri. Nilikikata.

Mhariri ananiletea ujumbe wenu. Wengi mnamtukana Pacha, mnasema alininyang'anya uhai wangu. Acheni. Hakuniomba. Aliyetoa wazo ni mimi, na aliyeshika kisu ni mimi.

Siku ile alikuwa ametoka kwenye dripu yake ya pili. Alikuwa ametapika siku tatu mfululizo, na nywele zake zilikuwa zimebaki kwenye mto. Alijikokota mpaka kazini, akajaribu kuinua gunia la unga, likamshinda. Akakaa juu yake akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike mama.

"Wewe unameza kidonge kimoja na maji, unarudi kazini," aliniambia. "Mimi natundikiwa dripu nusu siku, narudi nyumbani mzoga. Ugonjwa uleule, mama yuleyule. Kosa langu nini?"

Mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni, kwa robo saa. Mama alikuwa akisema robo saa ile ndiyo iliyonifanya kaka, na kaka hashibi mdogo wake akiwa na njaa. Tumekula sahani moja, tumevaa shati moja kwa zamu, tumechapwa fimbo kwa kosa la mmoja.

"Saratani si saratani?" nikamwambia. "Na sisi si damu moja? Kama hiki kinaniponya mimi, kitakuponya na wewe."

"Na daktari?"

"Daktari hakuzaliwa na sisi."

Tukacheka. Naona aibu kuandika kwamba tulicheka, lakini tulicheka.

Sasa nikueleze kidogo kazi yetu, maana ndiyo iliyotuponza zaidi. Mwoka mikate hakati donge moja, akaoka, akarudi kukata jingine. Anakata yote kwanza, anapima kila moja kwenye mizani, anayapanga kwenye trei, ndipo tanuri linafunguliwa. Mkono ukishazoea hivyo, haujui namna nyingine.

Kila Jumamosi nilimwaga vidonge saba juu ya meza, nikavipasua katikati kwa kisu kilekile cha madonge. Nilihakikisha hakuna nusu inayoizidi nyingine. Nusu saba zangu, nusu saba zake. Zake nilizifunga kwenye karatasi ya hamira akaenda nazo nyumbani. Zangu nilizirudisha kwenye chupa.

Vidonge vyenyewe ni vya kahawia kwa nje. Siku ya kwanza nilishangaa kuona ndani ni vyeupe pe.

Mke wangu hakujua lolote, na mke wangu ni mtu wa saa. Mfamasia alituambia tangu mwanzo kwamba kidonge kimezwe wakati uleule kila siku, tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena. Mwenzangu aliyabeba maneno hayo kama amri ya mahakama. Akachagua saa tisa alasiri. Chakula cha mchana kiishe kabla ya saa saba, na mdomo ufungwe mpaka saa kumi.

Hebu mfunge mdomo mwoka mikate saa tatu nzima, trei za moto zinampita puani. Nilikuwa naonja kwa macho.

Mwanzoni nilimeza nyumbani, mbele yake, amesimama na bilauri ya maji. Tulipoanza kugawana, nikamwambia kazi zimezidi, nitakuwa namezea hukohuko. Hakubishana. Akawa ananipigia simu kila siku saa tisa kamili.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Na maji ya kutosha?"

"Na maji ya kutosha."

Hilo la maji lilikuwa kweli.

Miezi ya mwanzo, nilipokuwa nameza kidonge kizima, uso wangu ulijaa vipele. Puani, mashavuni, kifuani. Mfamasia alisema ni kazi ya dawa hiyo, akanipa mafuta ya kupaka, akanionya nisiache kumeza kwa sababu ya vipele bila kumpigia kwanza. Tulipoanza kugawana, vipele vikaanza kunyauka. Wiki ya tatu uso ulikuwa umetakata kama wa bwana harusi. Mke wangu alifurahi, na mimi nilifurahi naye.

Wiki hiyohiyo Pacha akaingia kazini uso umemwiva vipele.

"Kaka, tazama!" alisema, akijigusa mashavu kama mtu aliyetunukiwa. "Imeshaingia! Inafanya kazi!"

Nilimkumbatia, unga na yote. Hatukujiuliza kwa nini dawa ihamie kwake iniache mimi. Mwenye shida huona anachotaka kuona.

Sisi tunafanana mno. Mke wangu aliwahi kumgombeza Pacha dakika kumi kwa kosa langu, na yeye akapokea tu. Wateja walikuwa wameshaanza kututofautisha kwa vipele, kwamba mwenye vipele ndiye wa vidonge. Basi wakawa wanampa yeye pole zangu.

"Vidonge vinaendeleaje?" wanamuuliza.

"Vizuri, namshukuru Mungu," anawajibu, kisha ananikonyeza.

Mke wangu alipomwona alisikitika. "Maskini shemeji, dripu imemtoa vipele."

"Ndiyo," nikasema. "Dripu ni kitu kibaya."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu wiki tisa.

Siku ya kupimwa ikafika. Asubuhi tulipigwa picha, mchana tukaitwa ndani, mimi na mke wangu. Pacha alibaki kwenye benchi la nje. Alisema siku yake ya dripu imeangukia siku hiyohiyo, atasubiri zamu yake.

Daktari wetu ana tabia ya kusafisha miwani kabla ya habari mbaya. Siku hiyo aliisafisha mara mbili.

"Uvimbe umekua," alisema. "Mara ya mwisho ulikuwa umesinyaa vizuri sana, nilifurahi. Sasa umerudi ulipokuwa na kupita kidogo. Unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Kidonge kimoja kizima?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu aliingilia. "Daktari, mimi mwenyewe nampigia simu, saa tisa kamili. Hajakosa hata siku moja. Naapa kwa watoto wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ameapa kwa watoto wetu kwa ajili ya uongo wangu, na hajui.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, nakuamini. Basi kama anaimeza sawasawa na uvimbe bado unakua, dawa imeshindwa. Hakuna sababu ya kuendelea nayo. Tunaiondoa, na yeye anaanza dripu. Nendeni dirisha la dawa mkarudishe vilivyobaki, kisha mrudi nisaini."

Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Nikinyamaza, naondolewa dawa ambayo huenda bado inaniweza. Nikisema kweli, Pacha anaikosa nusu yake, na mke wangu anabaki na kiapo cha uongo mdomoni. Kati ya hayo mawili nilichagua lile la woga. Nilinyamaza, nikainuka, nikamfuata mke wangu.

Mfamasia ni mama mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alituingiza chumbani kwake, nyuma ya dirisha, akavaa glavu, akamimina vidonge kwenye trei yake ndogo, akahesabu.

"Kumi na kimoja. Vinalingana na tarehe."

Mke wangu akanitazama kwa fahari. Ndiyo, vilikuwa vizima, maana wiki hiyo nilikata kimoja kimoja kila siku, nikijua vitahesabiwa. Usinione mjinga kwa kila jambo.

Mfamasia akaipiga chupa kitako. Vumbi likamwagika kwenye trei.

"Na huu unga?"

"Mama, mimi mwoka mikate. Unga unanifuata mpaka harusini."

Mke wangu akacheka. Mfamasia hakucheka. Alisogeza vumbi lile kwa ncha ya kidole.

"Unga wa ngano una magamba ya kahawia?"

Nikajifanya natazama foleni.

"Na vipele vyako vilikwenda wapi?"

"Vilipona."

"Lini?"

"Kama mwezi mmoja na nusu hivi."

Akaandika kitu kwenye kitabu chake.

Wakati huohuo Pacha akachungulia mlangoni. "Kaka, bado tu?" Akakohoa, mkono mmoja ukutani.

Mfamasia aliinua macho. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake.

"Wewe," akamwambia, "ingia. Simama hapa penye mwanga."

Pacha akaingia.

"Sasa niambieni, nani kati yenu ni mgonjwa wangu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Mbona vipele vyako anavyo yeye?"

Pacha alijitahidi. "Ni joto la tanuri, mama. Mimi ndiye nasimama mdomoni mwa tanuri."

Mfamasia akamshika mkono, akapandisha shati mpaka kiwikoni, akaugeuza mkono huku na huku. Ulikuwa safi.

"Tanuri gani hilo linaunguza pua likaacha mikono?"

"Ni dripu, mama," mke wangu akadakia. "Shemeji yuko kwenye dripu. Ndiyo imemtoa vipele."

Mfamasia akasita. Nilimwona anasita. Nikajua nikikaza uso dakika moja zaidi tutatoka pale, daktari atasaini, na hakuna atakayejua. Pacha akakohoa tena, akaweka leso mdomoni, akaikunja haraka kuificha. Nimemjua mwenzangu tangu kabla hatujazaliwa. Niliiona damu kabla hajaikunja.

"Nimemkatia," nikasema.

"Umemkatia nini?" aliuliza mke wangu.

"Vidonge vyangu. Katikati. Wiki tisa sasa."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Nimeapa kwa watoto," alisema. "Ulikuwa umekaa pale pembeni yangu, ukaniacha nikaapa kwa watoto."

"Nisamehe."

"Usinisemeshe kwanza."

Mfamasia alifunga dirisha lake, watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Akavuta kiti, akakaa mbele yetu sote watatu.

"Sikilizeni, maana mara ya kwanza naona niliwaambia masikio peke yake. Dawa hii haipigi saratani zote. Inatafuta ile alama iliyoonekana maabara. Ikiikuta, inaubana uvimbe. Isipoikuta, inazunguka mwilini, inaunguza ngozi, inaharibu tumbo, basi." Akamgeukia Pacha. "Wewe huna hiyo alama. Ungemeza chupa nzima ungepata vipele na kuharisha. Uvimbe wako usingejua hata kama kuna kitu kimeingia."

"Lakini sisi ni mapacha," Pacha alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nyinyi ni mapacha. Uvimbe wenu si mapacha."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ndugu yangu, nani alikuambia nusu dozi inafanya nusu ya kazi? Uvimbe ukionjeshwa dawa kidogo kidogo unajifunza kuikwepa. Huenda wako umeshajifunza. Huenda bado. Daktari ndiye atakayeamua kama turudi kwenye kidonge kizima tupime tena. Lakini nusura aiondoe kabisa, dawa nzima, kwa sababu ya mdomo wako uliofungwa."

"Kwa hiyo inaweza kurudishwa?"

"Nimesema huenda. Na ikirudishwa, unameza kimoja, kizima, hukikati, husagi, hutafuni. Ukisahau, hufidii kesho kwa kumeza viwili. Ukitapika, humezi kingine, unanipigia. Dawa yoyote nyingine, iwe ya kiungulia, iwe mizizi ya jirani, unaniuliza kwanza. Na humpi mtu. Hata mama yako akifufuka, humpi."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeusema msemo huo maisha yangu yote, nikiwapa watu mikate iliyobaki jioni. Sikujua kuna vitu ambavyo ukivitoa unaua.

"Angalau shemeji dripu yake inaendelea," mke wangu alisema, akitafuta pa kushika. "Angalau hilo."

Pacha akatazama viatu vyake.

"Pacha," nikamwita.

Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa.

"Pacha, dripu inaendelea?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Baada ya ile ya pili. Siku uliponikatia."

"Mbona kila tarehe ulikuwa unaniaga kwamba unakuja huku?"

"Nilikuwa nakuja. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka saa zikapita, nikarudi nyumbani." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na nusu yako, kaka. Kwa nini nitapike tena na wakati nina nusu yako?"

Wiki tisa nilijiona mtu mwema, kaka anayempa mdogo wake nusu ya uhai wake. Kumbe sikumpa nusu ya wangu, nilimnyang'anya wake mzima. Dripu ile aliyoichukia ndiyo pekee iliyokuwa inamtafutia siku, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye kile kiti. Nililia palepale, watu wa foleni wakituchungulia kupitia kioo wakiwa na vyeti vyao mikononi.

Mke wangu hakunigusa. Alimpa Pacha leso yake safi.

"Utalia baadaye," mfamasia aliniambia, lakini sauti ilikuwa imepungua ukali. Akachukua kitabu. "Daktari lazima ajue yote, kwa hiyo nijibuni upesi. Vidonge ulivikatia wapi?"

"Kazini. Kwenye meza ya kukandia."

"Meza ya mikate ya watu?"

"Nilikuwa nafuta."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

Akafumba macho kidogo, akaandika. "Ulivishika kwa mkono mtupu?"

"Ndiyo."

"Ulinawa baadaye?"

Baada ya kukata vidonge nilikuwa narudi kukata madonge.

"Na wewe," akamuuliza Pacha, "nusu zako ulizimezaje?"

"Zilikuwa na makali, mama, zinakwama kooni. Na chungu ajabu. Ikabidi zisagwe, zitiwe kwenye maziwa."

"Ulisaga mwenyewe?"

"Hapana. Mikono yangu siku hizi inatetemeka."

"Nani alisaga?"

"Binti yangu."

Mke wangu akashika mdomo kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Shemeji!"

Nami nikaelewa. Pacha ana mtoto mmoja tu, binti. Amerudi kwa baba yake tangu alipopata ujauzito huu, ili apumzike, kwa sababu mimba mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii imekaa. Ana miezi saba, na nyumba nzima inatembea kwa kunyata kwa ajili yake.

Mfamasia alikuwa ameshasoma usoni kwa mke wangu. "Ni mjamzito?"

"Miezi saba," Pacha alijibu. Bado alikuwa hajaona. "Ni mtoto mwema sana, mama. Kila siku saa tisa, hasahau. Anatwanga kwenye kinu kidogo cha viungo, anapuliza vumbi ukingoni ili lisipotee..."

Hapo naye akaona.

"Niliwaambia siku ya kwanza," mfamasia alisema taratibu. "Mjamzito hatakiwi kuvigusa hata vikiwa vizima. Sembuse vumbi lake, linaloingia puani na mikononi."

Ni kweli, alituambia. Nakumbuka nilivyotikisa kichwa. Nyumbani kwangu hakukuwa na mjamzito, kwa hiyo neno lile lilipita kama tangazo la mtaa mwingine.

"Mpigieni," akaagiza. "Aache alichoshika. Anawe mikono kwa sabuni na maji mengi, asiguse kinu hicho tena, aje hapa sasa hivi na mtu wa kumsindikiza. Msimtishe."

Pacha alitoa simu ikamponyoka. Nikatoa yangu. Niliweka sauti ya nje, wote wasikie. Ilipokelewa upesi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Jikoni. Namtwangia baba dawa yake ya leo, mwambie asichelewe. Mbona sauti yako hivyo, uko na mafua?"

"Mwanangu, weka kinu chini. Usikiguse tena. Nenda kwenye maji unawe mikono na uso, kwa sabuni. Nasubiri hapahapa kwenye simu."

"Kwani kuna nini?"

"Nawa kwanza."

Tulisikia kinu kikiwekwa mezani. Tukasikia maji, kwa muda mrefu. Pacha alikuwa ameukumbatia mlango. Mke wangu alikuwa amesimama, ameninyooshea mkono bila kunitazama, nikaushika.

"Nimenawa," binti alisema. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeondoka penye watu. "Baba mkubwa, afadhali umepiga. Nilitaka kumuuliza mama mkubwa, maana baba naona haya kumwambia na nisimtie wasiwasi na ugonjwa wake. Tangu jana mchana mtoto hachezi tumboni. Nimelala ubavu, nimekunywa maji baridi, hachezi. Hiyo ni kawaida?"

Mfamasia alikuwa ameshanyoosha mkono kuniomba simu, lakini vidole vyangu vilikataa kuiachia. Pacha alikuwa ananitazama mimi, si yeye, anasubiri kaka yake ajibu.